Kabla ya kiwanda kulikuwa na mtungi

Nimesoma makala kuhusu kiwanda kidogo cha bia cha hapa Kisumu, na mwandishi wake anadai kiwanda hicho ndicho kilicholeta utamaduni wa kutengeneza bia hapa. Hapo nakataa. Nimelelewa mtaa wa Nyalenda, hapa hapa Kisumu, na nyanya aliyepika busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, na karo yangu ilitoka kwenye mtungi ule. Wimbi liliwekwa maji, likafunikwa gunia mpaka likachipua, likaanikwa, likasagwa kuwa kimea. Unga wa mahindi uliochacha siku kadhaa ulikaangwa juu ya bati pale uani, nasi watoto tukidokoa vipande vya moto, vichachu, hadi vidole vikawa vyeusi. Jumamosi wazee walizunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, na kesi nyingi za mipaka ya shamba ziliishia hapo. Askari wakivamia, debe zima lilimwagwa mtaroni. Sheria ya vileo ya 2010 ilipohalalisha hata chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kwa leseni, nyanya alikuwa ameshastaafu. Kiwanda kikue, sina kinyongo, vijana wanapata kazi. Ila mliopo Vihiga na Kakamega, bado mnakunywa kwa mrija, ama nyote mmehamia chupa?