Acheni majani chini ya miti

Ukimuuliza mwenye shamba la matunda huku kandokando ya Ziwa Victoria kwa nini michungwa yake inapukutisha vitunda kiangazi, atakujibu neno moja: maji. Kisha ataanza kupiga hesabu ya pampu. Mimi nasema tatizo la kwanza ni fagio.

Toka Ilemela hadi Ukerewe, shamba linalosifiwa ni lile lililofagiwa. Chini ya miti ardhi iko tupu, majani yamerundikwa pembeni yanasubiri kiberiti. Naelewa, mama zetu walitulea hivyo, na takataka karibu na nyumba huficha nyoka. Lakini uwanja wa nyumba si shamba la miti.

Utazameni udongo wenyewe. Miinuko yetu mingi ni luseni, mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye haya haya mawe ya matale tunayopigia picha. Haushiki maji wala mbolea. Mwagilia debe la lita 20 asubuhi, jioni chokoa kwa kidole: juu vumbi, chini vuguvugu. Mchanga wa namna hii hushikizwa na mboji, na mboji ndiyo hayo majani unayoyachoma. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake inapaa na moshi. Unabaki na jivu ambalo mvua ya kwanza ya vuli inalisomba.

Joto nalo. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake haichomi sana. Mchanga mtupu saa nane mchana ni habari nyingine, unaweza kupita nyuzi 50, na mizizi inayonyonya ya mparachichi iko hapo hapo juu juu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza. Tunaipika, halafu tunalilaumu jua.

Tandazeni majani unene wa sentimita 10 hivi, mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia. Shina liacheni wazi kwa viganja viwili, maana gome likilala kwenye unyevu huoza, na mchwa hupata njia. Majani yasipotosha, kuna maganda ya mpunga nje ya mashine za kukoboa. Hata gugu maji, linalotusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, likianikwa likakauka kabisa linafaa.

Wanaosogeza bustani hadi ukingoni ili pampu iwe karibu wananiumiza zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na matete wanayofyeka ndiyo yanayochuja tope lisiingie majini.

Kwa wenye mashamba ya mbugani, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ushauri wangu ni tofauti: inueni matuta kwanza. Huko mparachichi hauuawi na kiu, unauawa na maji yaliyotuama mizizini wakati wa masika, na matandazo peke yake hayatauokoa.