UConn Hawakuweka Mpira Kwapani

Juzi kwenye pilau la ubatizo hapa Hartford, shemeji yangu wa Columbus, Ohio, kaibuka tena na wimbo wake: "Nyie watu wa Connecticut, 2020 mliweka mpira kwapani." Meza nzima ikacheka. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya mwenye shughuli, ila hapa sina mwenye shughuli.

Tarehe 5 Agosti 2020, UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ilikuwa timu ya kwanza ya daraja la juu la futiboli ya Kimarekani ya vyuo kufuta msimu kwa sababu ya korona. Ivy League, ligi ya kina Harvard na Yale, ambao hawamo hata kwenye daraja hilo, walishafunga duka tangu Julai, na sikusikia mtu akiwabeza. Harvard akifunga mlango ni busara; UConn akifunga ni woga.

Haya, nakubali shingo upande: kwetu ilikuwa rahisi kidogo. UConn walikuwa wameiaga ligi yao mwezi mmoja tu kabla, futiboli wanacheza bila ligi, kwa hiyo hapakuwa na fungu nono la televisheni la kulilia. Wapinzani wetu watatu, vyuo vya Illinois, Indiana na Ole Miss (Mississippi), walishatoka kwenye ratiba. Na ndiyo, 2019 tulishinda mechi 2 tukapoteza 10. Mmemaliza?

Maana kuna jambo watu wanalirukia. Wachezaji wenyewe walitoa tamko kuunga mkono uamuzi ule. Walisema wako nyuma kimazoezi kwa miezi, na kwamba haijulikani vya kutosha korona inaacha nini mwilini baada ya kupona. Vijana wa miaka 19, 20! Na uliwahi kuutazama huu mchezo kwa karibu? Majitu mawili ya kilo 130 yameinama pua kwa pua, yanahemeana, mpira ukitoka tu yanavaana, mate na jasho vyote vya pamoja. Kisha wanainuka na kurudia. Halafu sisi wengine tulikuwa tunapangusa pakiti za maziwa kwa dawa kabla ya kuziweka kwenye friji.

Na kwa mshahara gani? Haukuwepo. Ada, kitanda, chakula na posho kidogo ya matumizi, basi. Mwaka ule mchezaji wa chuo alikuwa bado haruhusiwi kuuza hata sahihi yake. Ruhusa ya kuingiza pesa kwa jina lake ilikuja Julai 2021. Kocha wa chuo kikubwa ana mamilioni ya dola, televisheni ina matangazo yake, na anayetakiwa kuhemewa usoni ni mwanafunzi ambaye wenzake wengi wanasomea kwenye kompyuta nyumbani kwa sababu darasani ni hatari. Darasani hatari, uwanjani salama. Kirusi kinajua ratiba.

Tuje sasa kwa mashujaa wa Big Ten, ligi kubwa anakocheza Ohio State, chuo cha kwao shemeji. Agosti 11 waliahirisha msimu, wakasema afya kwanza. Septemba 16 wakageuka. Vipimo vya kila siku vilikuwa vimepatikana, sawa, siwanyimi hilo. Lakini Ohio State ikafika Desemba na mechi 5 tu, wakati kanuni ya ligi ilitaka 6 ili ucheze fainali. Mechi yao na mahasimu wao Michigan, iliyochezwa kila mwaka tangu 1918, ilikufa kwa korona. Kanuni ikafanywaje? Ikabadilishwa, shemeji. Mkaenda mkacheza mpaka fainali ya taifa, Alabama akawanyoosha 52 kwa 24.

Huku kwetu, mwanzoni mwa 2021, magari yalipanga foleni kwenye njia ya zamani ya ndege pale Rentschler Field, East Hartford, jirani kabisa na uwanja wa UConn, watu wakichomwa chanjo mkono ukiwa dirishani. Hiyo ndiyo foleni iliyokuwa na maana kwangu msimu ule.

Mkitaka kutucheka, kuna mengi. Tuliporudi Agosti 2021 Fresno State walitupiga 45 kwa 0, na wiki iliyofuata tukafungwa nyumbani na Holy Cross, chuo kidogo cha daraja la chini. Holy Cross! Hapo nicheke mpaka uchoke, nitacheka nawe. Ya 2020 niachie.