Skidi au magurudumu: helikopta ya Kivu isimame kwa miguu gani?

Mtu wa Goma akitajiwa helikopta, inayomjia kichwani ni ile kubwa nyeupe ya Umoja wa Mataifa, Mi-8, yenye magurudumu mawili madogo puani na moja kubwa kila ubavu. Tumeizoea kwa miaka mingi, ikipita juu ya mapaa ya Ndosho na Majengo. Ndiyo maana ikizungumzwa habari ya helikopta ndogo za kuchukua wagonjwa Masisi au Walikale, na mtu akaona picha ya chombo kilichokaa juu ya mabomba mawili, yaani skidi, husema papo hapo kwamba hicho ni cha kizamani, hakina hata magurudumu. Mimi nadhani dai hilo lina ukweli kidogo na kosa kubwa. Nalijibu kwa sababu kile kinachogusa ardhi ndicho kinachoamua ni kijiji gani kitafikiwa na kipi kitabaki kusubiri.

Habari ya ukizamani iondoke kwanza. Bell 47, helikopta ya kwanza kupata kibali cha matumizi ya kiraia nchini Marekani, mwaka 1946, mwanzoni ilisimama juu ya magurudumu. Skidi zilikuja baadaye katika matoleo yaliyofuata, na zikabaki. Mpaka leo viwanda vinaunda helikopta mpya kabisa zenye skidi, na wanunuzi hawakosekani.

Skidi zenyewe ni mabomba mawili marefu, kwa kawaida ya alumini, moja kila upande. Yameshikwa na tumbo la helikopta kwa mabomba mengine mawili yaliyokingama, la mbele na la nyuma. Mara nyingi humo hamna shokapu. Bomba lililokingama ndilo linalofanya kazi hiyo. Helikopta ikitua, miguu inatanuka kidogo kwenda nje, kisha inarudi. Ikitua kwa kishindo, bomba linapinda moja kwa moja na halirudi tena, na hivyo ndivyo lilivyokusudiwa: linapinda lenyewe ili migongo ya waliomo isipate pigo lote. Baada ya hapo fundi anachukua futi, anapima umbali kati ya skidi ya kushoto na ya kulia, analinganisha na kitabu cha mtengenezaji, na kipimo kikizidi bomba linatolewa. Chini ya kila skidi hufungwa vibao vya chuma kigumu, na hivyo ndivyo vinavyoliwa na mawe na saruji. Vikiisha vinafunguliwa na kuwekwa vingine, na bomba lenyewe linabaki zima.

Mguu wa gurudumu ni kazi ngumu zaidi. Ndani ya silinda mna mafuta na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Uzito ukishuka, pistoni inayasukuma mafuta yapite kwenye tundu jembamba. Nguvu ya kishindo inageuka joto, na gesi iliyobanwa inaurudisha mguu mahali pake. Juu ya hayo kuna tairi, breki, na kwa helikopta kama Puma kuna mfumo wa haidroliki wa kuikunja miguu ili chombo kikate hewa vizuri. Mi-8 haikunji chochote. Miguu yake iko nje safari nzima.

Kwa nini basi kubwa zote zina magurudumu? Ni kwa ajili ya uzito. Mi-8 ikijaa inafika tani 12. Helikopta ya skidi ikizimwa, mafundi hubana vigurudumu vidogo kwenye mabomba na kuisukuma kwa mikono hadi bandani, jambo lisilowezekana kwa tani 12. Skidi zinapanda mpaka chombo kama Bell 412, chenye tani 5.4 hivi kikijaa, na zaidi ya hapo ni nadra kuzikuta. Kwa hiyo anayeona magurudumu anaona dalili ya uzito. Nguvu ya kubeba inatoka kwenye injini na rota, yaani mapanga yanayozunguka juu.

Sasa niwape haki yao wanaotaka magurudumu, maana wana hoja moja nzito, na hiyo hoja inatuhusu sisi hasa. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Masisi vinapita 2,000. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, na jua la mchana linaipunguza zaidi. Rota inashika hewa haba na injini inavuta hewa haba. Helikopta iliyojaa inaweza kushindwa kuning'inia palepale, lakini ikitembea mbele, ikifika kasi ya kilomita 30 hadi 45 kwa saa, rota inaingia kwenye hewa ambayo haijavurugwa na mapanga yake yenyewe, na nguvu ya kuinua inaongezeka ghafla. Rubani wa Mi-8 anaitumia njia hiyo: anaviringisha chombo kwenye lami kama ndege ya kawaida, kisha ananyanyuka na mzigo ambao asingeuinua kwa kusimama. Wa skidi anaweza kuburuza, ila mahali laini tu na kwa umbali mfupi, na vibao vinalika.

Hoja yao ya pili ni vumbi. Mwenye magurudumu anajiendesha chini taratibu hadi sehemu ya kuegesha. Wa skidi lazima anyanyuke na kupita karibu na ardhi, huku upepo wake ukirusha changarawe ya volkano. Changarawe hiyo inakwaruza mapanga na kuingia kwenye injini. Mtu aliyewahi kufagia baraza Goma wakati wa kiangazi anaujua ukali wa mchanga wetu.

Lakini hoja zote mbili zinasimama juu ya lami. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ya uwanja wetu. Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama Buhene, karibu na uwanja. Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja ukafungwa kwa ndege za abiria. Ukiinunua helikopta kwa sababu inajua kutumia njia ya kurukia, umeifunga kwenye kitu ambacho hapa kimekatika mara kwa mara. Na huko inakokwenda, kwenye kituo cha afya cha mlimani, inatua kwenye kiwanja cha mpira chenye magoli, migomba pembeni na mteremko. Hapo hakuna pa kuviringika. Waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanalijua jambo hili kwa miili yao: gurudumu linadai njia, na pasipo njia linazama au linakwama kati ya mawe.

Kwenye udongo uliolowa, skidi inatandaza uzito kwa urefu wake wote, na inaweza kuongezewa vibao vipana nyuma isizame. Gurudumu linakaza uzito mahali padogo. Kwenye lava ya Nyiragongo, ambayo hutiririka nyepesi sana na kuacha tabaka la juu lililo gumu, wakati mwingine na uwazi chini yake, ningependa uzito usambae.

Ila hapa na skidi nazo zina deni. Kwenye mwamba wenye ncha hazigusi ardhi kwa urefu wote. Zinakaa juu ya ncha mbili tatu, na bomba linaweza kubonyea. Baya zaidi, skidi inanasa. Ikishikwa na jiwe, mzizi au waya wakati rubani anaanza kunyanyuka au anateleza ubavuni, chombo kizima kinageukia pale iliponasa na kuanza kulala. Kikipita pembe fulani, usukani haukirudishi tena, na yote hayo yanaisha ndani ya sekunde chache. Dawa ni kushusha mara moja nguvu ya rota, yaani kufanya kinyume cha kile mkono wenye hofu unachotaka. Wanaotetea skidi kwa ajili ya vijiji, nikiwemo mimi, hatuna budi kulisema hili waziwazi na kudai kila kiwanja kisafishwe visiki, nondo na mawe kabla ya helikopta ya kwanza kufika.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa nje ya fani hawaisikii. Helikopta zenye mapanga matatu au zaidi yenye bawaba zinaweza, zikiwa chini na rota inazunguka, kuanza kutikisika. Panga moja linaachana kidogo na nafasi yake, uzito wa rota unahama katikati, mwili unayumba juu ya miguu, na mwendo huo ukilingana na mwendo wa rota kila mzunguko unaongeza mwingine mpaka chombo kinajivunja chenyewe. Tairi lenye upepo pungufu au silinda iliyovuja naitrojeni inatosha kufungua mlango huo. Skidi hazikuachwa kando: helikopta ya AS350, yenye mapanga matatu, imewekewa vizuia-mtikisiko kwenye bomba la mbele na vipande vya chuma vinavyonesa nyuma ya skidi kwa ajili hiyo. Robinson R44 na Bell 206, zenye mapanga mawili yanayocheza pamoja, hazina tatizo hilo.

Ndiyo maana nalitilia maanani suala la matunzo kuliko kasi na uzuri. Tazama mguu wa gurudumu kwa karibu: ile sehemu ya pistoni inayong'aa, inayoingia na kutoka kwenye silinda, ipo wazi. Mchanga wetu ukitua juu yake na haujafutwa, unaingia kwenye mpira wa kuzuia mafuta, unaukwaruza, na mafuta yanaanza kuvuja. Halafu inatakiwa mitungi ya naitrojeni, tairi na mipira mipya, vyote kutoka mbali, kwa barabara ambazo hufungwa bila taarifa. Skidi inadai futi, tochi ya kutafuta nyufa, na vibao vya akiba. Kwa shirika dogo linalotaka kubaki Kivu kwa miaka, ningeshauri skidi bila kusita.

Mahali ambapo wenye magurudumu wananishinda ni siku ya majeruhi wengi. Mi-8 ina milango mipana nyuma na inabeba machela 12 kwa safari moja. Helikopta ndogo ya skidi inabeba moja au mbili, na mara nyingi kiti cha abiria lazima kitolewe kwanza. Mapigano yakitokea upande wa Sake, au boti ikizama Ziwa Kivu karibu na Minova, hesabu hiyo haina mjadala: iitwe kubwa, ilimradi chini pawe pagumu na pana vya kutosha kuipokea.