Eti mchuchumio "utauzoea tu"

Nani aliyesema mchuchumio unazoeleka? Ajitokeze, nimvalishe jozi ya sentimita 10 tuone. Kila mshauri ana lake: anza na kisigino kinene, jizoeze kwanza ndani ya nyumba, tanguliza kisigino ndipo vidole, nunua viatu jioni mguu ukiwa umevimba. Sawa, tumefanya yote! Mbona bado tunatembea kama kuku aliyefungwa kamba? Uzito wa mwili umesukumiwa mbele, vidole vimebanana kwenye ncha isiyofanana na mguu wa binadamu yeyote, halafu unaambiwa tabasamu, nyoosha mgongo, usitazame chini. Nisitazame chini, na hilo shimo je? Na ngazi? Na vigae vilivyopigwa deki sasa hivi?

Na kinachoniudhi zaidi: visigino hivi walitangulia kuvivaa wanaume, wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha kukanyagia. Walikuwa wamekaa, jamani! Wamekaa juu ya farasi! Sisi farasi wetu yuko wapi?

Dada zangu mnaoficha ndala kwenye mkoba, nawaona na ninawaheshimu. Mwenye plasta ya ziada asogee huku.