Jaketi Lilivyonikamata Saa Sita Mchana

Pikipiki sina, leseni ya pikipiki sina, na naishi Dar es Salaam, mji ambao mwezi wa pili hata shati la mikono mirefu ni adhabu. Hata hivyo nakusanya majaketi ya ngozi ya waendesha pikipiki, yale mazito ya zamani ya Ulaya na Marekani. Mke wangu ameshachoka kuniuliza sababu. Wageni wakitaka kujua kabatini mna nini, anawajibu "ng'ombe," kisha anaendelea kumimina chai.

Si ng'ombe tu, na farasi pia wamo. Majaketi mengi ya Marekani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yalishonwa kwa ngozi ya farasi, kwa kuwa farasi walikuwa wengi na ngozi yao haichaniki ovyo. Trekta lilipowafukuza farasi mashambani, ng'ombe akashika zamu.

Mpaka kwetu yanafika kwa njia ile ile ya soksi na masweta. Mtu wa ng'ambo anasafisha kabati la marehemu babu yake, jaketi linabanwa kwenye robota la nguo za baridi, linavuka bahari, na siku moja linamwagwa juu ya turubai huku mtu anapiga makofi na kuimba bei. Muuzaji hana habari na ukoo wake. Kwake hilo ni "koti la Makete", na wateja wake ni watu wanaokwenda nyanda za juu kwenye baridi, na madereva wa bodaboda wa usiku, ambao hulivaa kinyume, mgongo mbele, ili upepo usiwaingie kifuani.

Utamu uko kwenye kulitafutia ukoo. Lile la zipu iliyokata kifua mshazari, ambalo hata asiyejua majaketi analijua, lilianzia New York mwaka 1928 kwa Irving Schott. Aliliita Perfecto, jina la sigara nene aliyoipenda, likauzwa dola 5.50. Mkato wa Kiingereza wa miaka ya 1960 ni mwingine: zipu imenyooka katikati, kola fupi ya kusimama, mwili umebana kama unadaiwa. Lebo si ya kutegemea sana, maana hukatwa, hupauka, na nyingine huoza kwa jasho. Mimi hukimbilia kichwa cha zipu. Kikisema Talon, hicho ni cha Marekani, kampuni iliyokulia Meadville, Pennsylvania. Kikisema Lightning, mara nyingi ni cha Mwingereza. YKK ni ya Mjapani, na ukiikuta kwenye jaketi la Kizungu usikimbilie kutaja miaka ya 1950. Watu hudanganya, zipu haidanganyi. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Sasa, siku yenyewe. Soko silitaji, kwa sababu bado nanunua pale.

Robota ndiyo kwanza lilikuwa limekatwa kamba. Chini ya rundo la masweta nikaona mkono mweusi wa ngozi umechomoza, nikaudaka. Kuinua macho, mkono wa pili wa jaketi lile lile umedakwa na dereva wa bodaboda. Akavuta, nikavuta. Sheria ya rundo inajulikana: aliyevaa ndiye mwenyewe, mengine mtazungumza baadaye. Kwa bahati yule bwana akapigiwa simu na abiria. Alipogeuza shingo tu nikazamisha mikono yote miwili, na ili asije akapata wazo jipya, nikapandisha zipu mpaka kidevuni.

Hapo ikagoma.

Nikashusha, haishuki. Nikapandisha kidogo ili nishushe, ikapanda kidogo na ikakaa huko huko juu. Lilikuwa jaketi la kijana wa Kizungu asiye na kiuno, na mimi mwili wangu ni wa pilau. Pumzi ilikuwa inaingia nusu. Kola ilikuwa imenishika shingo hivi kwamba nikitaka kumtazama mtu wa pembeni nageuka mzima mzima, miguu na yote.

"Limekukaa, bosi!" muuzaji akasema. "Kama ulipimwa. Elfu ishirini na tano tu."

"Nisaidie kulivua kwanza."

"Lipia kwanza, bosi wangu, kuvua utavua kwako."

Sasa hela zilikuwa kwenye mfuko wa shati, na simu pia, na shati lilikuwa ndani ya jaketi. Nilipomweleza hivyo akanitazama kwa makini, kama anayejiuliza huu ni utapeli wa aina gani, mbona hajawahi kukutana nao.

Wakaitwa vijana wawili wa kubeba marobota. Shauri lilikuwa linyanyuliwe lipitie kichwani. Nikainamishwa, mmoja akashika mkono wa kulia, mwenzake wa kushoto, wakahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu mzee mmoja mwenye kanzu aliyekuwa akichagua mashati jirani akauliza, "Samahani, hiyo ngozi ya nini?"

Ningenyamaza tu. Lakini swali lenyewe nimelisubiri miaka, hakuna anayeniulizaga nyumbani.

"Ya farasi, mzee wangu," nikasema, kichwa kikiwa chini.

"Una hakika si kitimoto?"

Vijana wakasita. Nikawaeleza wasiwe na wasiwasi, mambo haya yana elimu yake: ngozi ya nguruwe inajulikana kwa vitundu vya vinyweleo, ambavyo hukaa vitatu vitatu. Ukiona vimetapakaa, si yeye. Basi watu wote waliokuwa pale wakainama juu ya mgongo wangu kuhesabu, na nikaanza kusikia pumzi za watu nisiowajua masikioni.

"Hivi hapa vitatu!" sauti ikatoka upande wa kifua.

Mikono yote iliniachia kwa mara moja. Nilidondoka kifudifudi kwenye masweta, na nilipogeuka niliwakuta wale vijana wanajifuta viganja kwenye suruali. Vilikuwa vitundu vya beji, jamani, kuna mtu aliwahi kubandika beji ya klabu yake pale kifuani. Nikaeleza. Hakuna aliyerudi.

Muuzaji akatoa mkasi. "Bosi, tukate hii zipu, tumalize. Zipu ni shilingi ngapi?"

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Hiyo zipu ni cheti cha kuzaliwa!"

Mkasi ukasimama hewani. Nikaona jicho la biashara linafunguka taratibu. Lakini mimi nilikuwa nimeshanogewa, kwa sababu nilikumbuka kwamba tangu nilidake lile jaketi sijasoma kichwa cha zipu, na sasa kiko chini ya kidevu changu, mahali pekee duniani ambapo macho yangu hayafiki. Nikamwita kijana anayemsaidia muuzaji, dogo aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo. Nikamwomba awashe tochi ya simu, aingize kichwa chini ya kidevu, asome.

Akainua kidevu changu kwa kidole, kama kinyozi. "T," akasema. "A. L."

"Endelea!"

"O. N. Taloni."

Niliruka. Kwa mtu aliyebanwa vile nilijirusha vizuri tu. Zipu ya Marekani kwenye mkato wa Kiingereza! Nchi gani inavaa kama Mwingereza na kununua kwa Mmarekani? Nikapiga hesabu pale pale, jasho likinitiririka mpaka ndani ya viatu, nikatamka kwa sauti: "Canada! Hili ni la Canada, miaka ya sitini, halipatikani hili!"

"Elfu sitini," muuzaji akasema.

"Ulisema ishirini na tano!"

"Ile ilikuwa ya koti la Makete, bosi. Hili si umesema la Canada?"

Kubishana bei huku umevaa mali ya mwenzio na huwezi kuivua ni shughuli. Silaha kubwa ya mnunuzi wa mtumba ni kuweka nguo chini na kuondoka. Mimi nikiondoka, ni wizi. Nilijaribu kujifanya sina haja nalo, lakini ni vigumu kujifanya huna haja na kitu kilichokukaba shingo. Katikati ya mazungumzo simu ikaanza kuita ndani ya ngozi, kifuani, na mlio wenyewe ni kwaya. Watu wakasogea kusikiliza. Ilikuwa mke wangu, bila shaka, anauliza nimefika wapi na samaki.

Tukaafikiana hamsini, nilipe zipu ikifunguka. Dhamana ikawa dogo: afuatane nami mpaka kwa fundi, ashike mkia wa jaketi, asiuachie.

Ukitaka kujua watu wa Dar wanavyopenda kutoa maoni, pita kwenye kichochoro cha soko saa sita na nusu, mwezi wa pili, ndani ya ngozi iliyofungwa mpaka kidevuni, huku kijana amekushika nyuma. "Mzee kapandisha homa huyo." "Anarekodi video." "Wamemkamata, kaiba nini?" Yule dereva wa bodaboda niliyempokonya alikuwa kijiweni na wenzake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ungevaa kinyume, kaka. Sisi tunavaa kinyume." Muuza maji alinifuata hatua kwa hatua akiwa na ndoo yake, mpaka nikakubali anishikie chupa ninywe. Alipotaka kunimwagia kichwani nikapiga kelele tena, maana ngozi kavu ya zamani ikilowa na kukaushwa na jua hukakamaa. Alidhani nazungumzia ngozi yangu mwenyewe, akasema pole.

Fundi alikuwa barazani na cherehani yake, mzee wa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogeza kwenye mwanga, akatazama chini ya kidevu, akacheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika.

"Hiki kichwa nimekiweka mimi," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri, kola ilikuwa imeziba sikio.

"Hiki. Kabla ya mfungo. Huyo bwana wako ananiletea yote yaliyoharibika zipu, namtengenezea, anayachanganya na robota jipya. Hiki nilikitoa kwenye koti la jeshi la Wamarekani, limechakaa lote limebaki hiki. Saizi yake haikwenda sawasawa na haya meno, lakini nikamwambia, mnunuzi akijaribu mara moja tu haina neno."

Dogo aliangalia pembeni. Canada yote ikaniondoka mwilini pamoja na jasho.

Mzee akachukua plaizi, akalegeza pembe za kile kichwa kidogo tu, kulia, kushoto, akapaka meno sabuni ya kipande, akavuta. Zipu ikashuka kama haijawahi kugombana na mtu. Upepo ulioniingia kifuani wakati ule siwezi kuusimulia mbele ya watu wazima. Shati ungeweza kulikamua. Noti zilikuwa zimeshikana, tukazianika kwenye ubao wa cherehani, tukazibana kwa bobini, na dogo akazihesabu mara mbili. Simu ilikuwa na maandishi ya "SAMAKI??" tangu juu mpaka chini.

Nilipopata pumzi nikarudi kazini. Kama kichwa kimebadilishwa, cha kwanza kilikwenda wapi?

"Fundi hatupi kitu," mzee akasema, akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa, akalimimina juu ya gazeti. Vichwa vya zipu vilitawanyika kama mchele, vya mabegi, vya suruali, vya mahema. Akachokoachokoa na kidole, akatoa kimoja cheusi kizito, pembe imepasuka. "Kilikuwa hiki. Kimepanuka, hakishiki."

Nikakipokea. Herufi zilikuwa zimelika, lakini kiganja changu kilikuwa kinazisoma bila macho. Safari hii nikajiambia: uso wa kuni. Nikakigeuza kivivu, nikapiga mwayo, nikauliza kama anauza hivi vyuma chakavu.

"Hicho? Toa mia tano."

Nikainama kuchomoa noti ndogo kwenye zile zilizoanikwa. Dogo akanyoosha shingo juu ya kiganja changu, kwa wema tu, kwa mazoea aliyoyapata siku ile, akawasha tochi.

"L," akasoma. "I. G. H. T..."

"Inatosha," nikamwambia.

"N. I. N. G." Akaninyanyulia tochi usoni, akageukia kwa fundi. "Baba, mtazame anavyotetemeka midomo. Hivi ndivyo alivyofanya kule, mara bosi akapandisha."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanitazama mimi kwanza, ndipo akatazama kile kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kutoka kiganjani mwangu kwa adabu kabisa, kwa vidole viwili.

"Elfu kumi na tano," akasema.

Nililipa. Kukirekebisha ikawa elfu tano nyingine, na mbili za kukiweka mahali pake. Nilipokuwa nakunja jaketi, dogo alikuwa bado amesimama, hela za bosi wake ameshazitia mfukoni, mkono mmoja umenyooshwa mbele.

"Na mimi niliyesoma je?"