Chai ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Kolekole alikuwa wa kilo nne, jicho bado linang'aa. Nilimpata asubuhi kwa mvuvi ambaye hata mtumbwi hajaumaliza kuuburuta, nikapanda naye ngazi mbili mbili. Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni hapa Shela, kisiwani Lamu, na samaki wa namna hiyo haniangukii kila siku. Nikampangia kabisa: nusu wa kupaka, nusu wa kukaanga, kichwa mchuzi.

Wageni walishuka gatini saa tano. Baba, mama, watoto wawili, na nyanya yao mwenye nywele nyeupe kama sufi. Wanatoka karibu na Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Niliwapa sandwichi za mayai mchana, na nyanya alipofuta mdomo akasema "dinner" imekuwa tamu. Nikamwonea huruma. Maskini, safari imemchosha hadi hajui mchana wala usiku.

Kisha mama wa watoto akaniuliza, kwa upole kabisa, kama "tea" yao wanaweza kuipata saa kumi na mbili na nusu jioni. Kitu chepesi tu, nisijisumbue.

Sasa, Kiingereza nakijua. Nimepikia watu wa London miaka sita, na "tea" yao nimeizoea: saa kumi alasiri, kikombe kimoja, biskuti mbili kwenye kisahani zimekaa kama wafungwa. Hawa wameichelewesha tu. Na mtu anayetaka chai saa ya Maghrib bila shaka chakula chake atakwenda kukila mkahawani. Kolekole wangu akawa hana kazi.

Samaki wa leo ni wa leo. Nikamfunga vizuri, nikampa kijana wa boti ampeleke Langoni, mtaa wa Lamu mjini, kwa mama mkwe wangu. Lazima nieleze kwamba mkwe wangu, tangu siku ya arusi, huniangalia kama mtu aliyekopa akahama mtaa. Dakika arobaini baadaye simu ikalia. Alinipigia mwenyewe! Akaniombea dua, akanitajia baba yangu kwa heri, akasema siku zote alijua binti yake amepata mtu.

Saa kumi na mbili na nusu kamili nikapanda darini na sinia. Chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, na mahamri kumi na mbili yaliyofura kama mito. Wageni walikuwa wametoka kuogelea, nywele zinadondosha maji ya chumvi. Kila mmoja ameshajiwekea uma kushoto na kisu kulia. Sikuona ajabu. Mzungu hata embe hulila kwa uma.

Mahamri hayakuvuka adhana. Mwadhini hajamaliza, sahani nyeupe pe. Nikauliza kama niongeze "tea". Wote watano wakaitikia kwa mpigo, ndiyo tafadhali, na mtoto wa kiume akavuta kiti karibu na meza. Nikashuka, nikarudi na chupa ya pili.

Nyuso zao nazikumbuka. Walikuwa wanaangalia ngazi nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu anafuata.

Nikaenda kuswali Maghrib. Niliporudi, wamekaa vile vile, uma kushoto, visu kulia. Nikaleta chupa ya tatu. Waingereza wana adabu ya hatari. Mtu wa Lamu angekuwa ameshauliza zamani kama nyumba hii ina jiko, au jiko limekufa na kuzikwa. Hawa walishukuru. Nyanya alifungua mkoba, akatoa pakiti ya biskuti, akawagawia wajukuu chini ya meza akidhani simwoni.

Kijana mdogo ndiye aliyetuokoa. Nimesimama mbele yake na chupa mkononi, mvuke unanipanda puani, akamgeukia mamake: "Mama, 'tea' tutakula saa ngapi?"

Niliangalia chupa. Nikamwangalia mtoto. Wazo la kwanza lilikuwa malaria. Mamake akamfinya, lakini neno lilishatoka: amesema *kula*.

Nikakimbilia jikoni kumpigia Ami wangu. Ami alikuwa baharia, na Liverpool aliishi muda mrefu. Nilipomsimulia alicheka hadi akakohoa, akaomba maji, akarudi kucheka.

"Mwanangu, hao ni watu wa kaskazini! Kwao 'tea' ni chajio. Nyama, viazi, samaki, chakula cha kushiba."

"Na ile ya biskuti?"

"Hiyo ni ya mabwana. Kulikuwa na bibi mkubwa mmoja, Duchess wa Bedford, miaka ya 1840. Chakula chao cha usiku kilikuwa kinachelewa, njaa inamuuma alasiri, akawa analetewa chai na keki. Wenzake wakaiga. Lakini mtu wa machimboni na viwanda vya nguo huko kaskazini alasiri yuko kazini. Akirudi jioni anakaa mezani na chakula chake, na buli la chai katikati. Buli likaipa sahani jina."

"Na 'dinner'?"

"Ya mchana."

Kumbe nyanya alikuwa na akili zake timamu. Ami akawa ndiyo kwanza anapamba moto: kwamba hata mchezo wa kriketi husimama kwa "tea", kwamba kitu wasichokipenda husema si kikombe chao cha "tea". Waingereza wamelitwika neno moja mizigo mpaka limekuwa punda wa kubeba mchanga. Nikamkatia simu, Mungu anisamehe.

Maji yalikuwa yamejaa, njia ya ufukweni haipitiki. Nikakodi boti kwa bei ya usiku hadi mjini, na njia nzima nikawa natafuta maneno. Mtu anamwambiaje mkwewe, baada ya dua zote zile, nirudishie samaki?

Ndani alikuwa na wageni, kina mama wa shughuli ya arusi. Nikabisha hodi, nikabaki dakani, kwenye baraza la mlangoni. Akatoka anameremeta.

"Ndoo mwanangu, ndoo! Najua una ndaa."

Kabla sijafungua mdomo nikawekewa sahani: wali wa nazi na pande la kolekole wa kupaka, ukwaju umemwingia hadi mfupani. Kukataa chakula cha mkwe siwezi. Nikala. Wazungu watano wamekaa Shela na biskuti za mkobani, na mimi nala chajio chao. Tena alikuwa mtamu.

Tonge la tatu likakwama, nikasema kweli yote. Alinyamaza. Halafu akaingia ndani kuwasimulia wenzake, na kicheko kilichotoka humo nadhani kilifika mtaa wa pili, Mkomani. Akarudi na sufuria kubwa imefungwa kanga: wali, nusu iliyobaki ya samaki, sambusa, na achari ya embe.

Saa tatu usiku nikawaandalia. Walikula bila kusema neno, hata asante ilisahauliwa, na hapo nikajua njaa ilikuwa ya kweli. Baba aliposhiba nikamweleza kosa langu, naye akataka kujua yetu. Nikamwambia kwetu pia chai si kinywaji tu: ukiulizwa asubuhi kama umekunywa chai, unaulizwa kama umekula. Akaandika kwenye kidaftari chake. Chai ya kumpa mtu mkononi sikumtajia. Mgeni huonyeshwa sebule.

Ningemtajia. Siku ya pili yake walikwenda mjini, na kijana mmoja wa gatini akamshika nyanya mkono kuteremka botini, akambebea na kikapu. Kisha akamwambia baba kwa adabu, "Mzee, hata ya chai?"

Baba akafurahi mno. Akafungua kidaftari. "Chai? Karibu chai! Kesho, Shela, saa kumi na mbili na nusu. Lete rafiki!"

Nyumbani hakuniambia kitu. Nilijua kesho yake jioni niliposikia hodi: kijana amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake wenzake wanne. Nikafungua friji. Mlikuwa na mayai sita na nusu ya ndimu.

Nikampigia mkwe. Hakungoja hata salamu.

"Sufuria yangu wairejesha," akauliza, "au wataka nyengine?"