Kabla ya Kubonyeza, Waandike Jibu

Siku hizi ni nadra kwenda semina ya walimu usikute mtu wa kutuonyesha programu mpya. Projekta inawashwa, maswali yanapita kwa rangi nne, watu wazima tunagombania kubonyeza, kisha picha ya pamoja na posho. Kama mshiriki nafurahi kweli. Kama mwalimu wa Fizikia wa Kidato cha Pili, nina ugomvi kidogo na michezo hiyo.

Chukua Kahoot, iliyotoka Norway mwaka 2013, ambayo wakufunzi wengi huanza nayo. Kwa mpangilio wake wa kawaida, anayewahi kujibu huvuna alama nyingi kuliko aliyepata jibu lile lile baada ya kufikiri. Kwa kukumbushana vizio vya vipimo, sawa. Ila kuna maswali ambayo nataka mtoto ayagugune taratibu, na hapo saa inayohesabu sekunde ni adui yangu. Tena inataka kila mchezaji, au walau kila kikundi, kiwe na kifaa. Katika shule zetu nyingi simu kwa mwanafunzi ni marufuku, na chumba cha kompyuta, kama kipo, ufunguo una mwenyewe.

Ndiyo maana Plickers imenikaa zaidi. Simu ni moja tu, ya mwalimu. Mwanafunzi anashika karatasi yenye umbo jeusi, anaigeuza ili herufi ya jibu lake, kati ya A na D, iwe juu, nawe unapitisha kamera darasani. Maumbo hayafanani, kwa hiyo kuchungulia kwa jirani hakusaidii. Seti kubwa ina kadi 63. Darasa likizidi hapo, wawili wanashika moja, na mabishano yanakuwa matamu zaidi.

Lakini kinachonipa kipindi kizima ni PhET, mradi wa majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni bure, na majaribio yake mengi unaweza kuyapakua yakakaa kwenye simu au kompyuta, bando likiisha yakaendelea kufanya kazi. Katika jaribio la saketi unavuta waya, betri na taa kwa kidole, na chembe za umeme unaziona zikitembea. Ukiunganisha vibaya, betri inashika moto. Darasa zima linapiga kelele, na mwalimu wa jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Mimi siwashi kitu kwanza. Nachora ubaoni betri na taa mbili kwa mfululizo, nauliza ipi itawaka zaidi, kila mmoja aandike jibu na sababu. Wengi wanaichagua ya kwanza. "Umeme unaifikia yenyewe kwanza, Mwalimu, inakula, ya pili inapata makombo." Sababu nzuri hiyo, ina mantiki kabisa, na kwa maelezo ya mdomo hutaing'oa. Ndipo natoa simu. Betri ya volti 9, taa mbili za omu 10, amita, yaani kipima mkondo wa umeme, kabla ya taa ya kwanza, nyingine kati yake na taa ya pili, ya tatu mwishoni. Zote zinasoma ampea 0.45, hakuna umeme ulioliwa njiani. Kimya kidogo, halafu mtu anadai amita imeharibika.

Kwa nini nisitumie globu za tochi? Nazitumia, ila baadaye. Globu mbili za dukani hazilingani sawasawa, moja inaweza kung'aa zaidi, na yule wa makombo akasema, "Si nilisema?" Kwenye skrini zinalingana kabisa. Ukamilifu huo nao unadanganya: betri ya PhET haichakai wala haina kutu kwenye ncha. Anayeishia kwenye skrini hatajua kwamba mara nyingi saketi inagoma kwa sababu ya waya uliolegea.

Wathibiti ubora wakija, huangalia kwenye andalio la somo kama TEHAMA imetumika. Imetumika, naam. Ningependa waniombe madaftari, wasome wanafunzi walibashiri nini kabla simu haijatoka mfukoni, kwa sababu bila ubashiri ule nimewaonyesha sinema tu.

Ukitaka kujaribu wiki hii, weka taa mbili sambamba, kila moja na njia yake kwenda kwenye betri, uliza ukiichomoa moja nyingine itafanyaje. Wapo watakaosema itawaka zaidi, maana umeme wote sasa ni wake. Waache wajitetee mpaka wachoke, ndipo uchomoe.